Maswali ya Wasomaji: Seli Shina na Ahadi ya Kusimama Tena

SWALI: Mhariri, ni miaka minne sasa tangu niumie uti wa mgongo katika ajali ya gari, na tangu siku hiyo sina hisia wala nguvu kuanzia kifuani kwenda chini. Ndugu zangu wamepata habari za kliniki iliyo nchi ya nje inayopandikiza seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, nao wameonyeshwa video ya kijana aliyeweza kusimama miezi sita baada ya tiba hiyo. Wameanza kuchanga fedha. Mimi nina shaka, ila kila nikiitaja naambiwa nimekata tamaa. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, shaka yako ni ya haki, na ningependa wanaochanga fedha nao waionje kidogo. Waulize jambo moja tu kuhusu kijana wa kwenye video: aliumia lini? Uti wa mgongo unapojeruhiwa, sehemu ya kupooza kwa mwanzo husababishwa na uvimbe na mshtuko, wala si neva zote zilizokatika. Kwa hiyo wagonjwa wengi, hasa wale ambao jeraha lao si kamili, yaani bado wana hisia au nguvu kidogo chini ya jeraha, hurudiwa na kiasi fulani cha nguvu bila kupandikizwa chochote, zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, kisha polepole hadi kufikia mwaka au mwaka na nusu. Mtu aliyetibiwa ndani ya kipindi hicho akasimama, hakuna awezaye kusema kwa hakika kama kilichomwinua ni seli, mazoezi au mwili wake mwenyewe. Wewe umekwisha kupita kipindi hicho, na matokeo yake hayawezi kuwa kipimo chako.

Mtego huu haunasi kliniki za pembeni peke yake. Mwishoni mwa 2018 Japani iliidhinisha kwa masharti tiba iitwayo Stemirac, ambayo hutumia seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kwa kutegemea jaribio la wagonjwa 13. Kati yao 12 walipata nafuu, lakini wote walikuwa wameumia karibuni na hapakuwa na kundi linganishi, yaani wagonjwa wasiopewa tiba hiyo wa kulinganisha nao. Wanasayansi wengi walipinga uamuzi huo, nami naona hoja yao ilikuwa nzito.

Nduguzo huenda wakasema kwamba kujaribu hakudhuru. Hudhuru. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliowapima wagonjwa 7 kabla na baada ya kupandikizwa seli huko Beijing: hakuna aliyepata nafuu ya kumfaa, na 5 walipata madhara, yakiwemo homa ya uti wa mgongo, yaani maambukizi ya utando unaozunguka ubongo na uti huo. Mwaka 2014 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamke aliyepandikizwa tishu za puani mgongoni. Miaka 8 baadaye alikutwa na uvimbe hapo uliokuwa ukitoa ute mzito kama kamasi.

Utafiti wa kweli haujasimama. Chuo Kikuu cha Keio, Japani, kilitangaza mwaka 2025 matokeo ya wagonjwa 4 waliopandikizwa seli zilizotengenezwa maabara: hakuna aliyepata madhara makubwa, na mmoja aliweza kusimama. Hao pia walitibiwa wiki chache tu baada ya kuumia, na wanne ni wachache mno.

Kabla fedha hazijatumwa, iombeni kliniki matokeo yake yaliyochapishwa, na iseme ni nani atakayekutibu ukipata madhara baada ya kurudi nyumbani. Kwa kawaida jaribio halali la tiba halimtozi mgonjwa bei ya kitu kinachojaribiwa. Tena, aliyekwisha kupandikizwa seli mara nyingi hukataliwa katika majaribio ya baadaye. Hilo pekee lingenitosha mimi kusubiri.

SWALI: Niliumia shingo miaka sita iliyopita. Kila anayenitembelea hunizungumzia kutembea, ilhali mimi ningefurahi zaidi kushika kijiko na kuacha kutegemea mpira wa mkojo. Je, natamani kidogo mno?

JIBU: La, dada yangu. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004, watu 681 wenye majeraha ya uti wa mgongo waliulizwa wangetaka warudishiwe nini kwanza. Waliopooza mikono na miguu waliitaja zaidi mikono, na waliopooza miguu peke yake walitaja tendo la ndoa. Kibofu na choo vilikuwa juu kwa makundi yote mawili. Wageni wako hawajui hayo kwa sababu hakuna aliyewauliza wagonjwa mbele yao.

Kwa upande wa mikono zipo habari za kutia moyo kuliko zile za seli. Kifaa cha ARC-EX, kinachopitisha umeme mdogo kwenye ngozi ya shingo bila upasuaji, kilijaribiwa kwa watu 60 ambao walifanya kwanza miezi 2 ya mazoezi peke yake, kisha miezi 2 ya mazoezi pamoja na umeme, na asilimia 72 waliongeza nguvu na uwezo wa mikono. Marekani ilikiidhinisha Desemba 2024. Hakiponyi jeraha, bali huzisaidia neva zilizobaki, kwa hiyo muulize daktari wako wa mazoezi ya viungo kama vidole vyako vina dalili yoyote ya kujongea, hata ile ambayo wewe mwenyewe uliidharau zamani.