Sukari 6.6, kisha 5.9: je, nimepona?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 46, kilo 84, ni mkulima wa zabibu Hombolo. Nilipima sukari mchana kwenye banda la afya wakati wa Nanenane pale Nzuguni, nikaambiwa 8.9. Wiki iliyofuata nilikwenda zahanati kabla ya kula, ikasoma 6.6, mhudumu akasema niko mpakani. Jirani akaniuzia unga wa mitishamba wa kusafisha kongosho, kopo elfu thelathini. Baada ya siku kumi nimepima duka la dawa, sijala, nikapata 5.9. Je, nimepona? Ninunue kopo la pili? Marehemu mama alikuwa na kisukari.

JIBU: Huwezi kusema umepona wakati hakuna aliyethibitisha kwamba unaumwa. Kopo la pili usilinunue, na la kwanza liache leo. Sababu nitaifikia.

Ile 8.9 ya Nzuguni iweke kando. Kipimo cha mchana, bila kujua ulikula nini na saa ngapi, kazi yake ni kukutuma ukapime vizuri, basi. Ingefika 11.1 au zaidi, huku una kiu isiyokatika, unaamka kukojoa kila mara na unakonda, habari ingekuwa nyingine. Na mkulima wa zabibu ana lake la ziada: maji ya zabibu yakikauka kidoleni, mashine inapima damu pamoja na zabibu, na namba inapaa. Pamba ya spiriti peke yake haitoshi kuyaondoa. Nawa kwa maji na sabuni, kausha, ndipo utobolewe.

Tatizo liko kwenye 6.6 na 5.9. Watu huzisoma namba hizi kama matokeo ya mpira, leo nimefungwa, kesho nimeshinda. Kiwango cha kimataifa cha mashine za kidole (ISO 15197) kinaruhusu tofauti ya hadi asilimia 15, juu au chini ya kipimo cha maabara, sukari inapokuwa 5.6 na kuendelea. Piga hesabu. Mtu ambaye sukari yake halisi ni 6.8 anaweza kusomewa 5.8 au 7.8, na mashine ikahesabiwa nzima. Akipata 5.8 anaambiwa yuko salama, akipata 7.8 anaambiwa ana kisukari. Hapo sijagusa vijiti vya kupimia vilivyopitwa na muda, kichupa chake kuachwa wazi kwenye joto, wala kidole kukamuliwa mpaka damu itoke imechanganyika na majimaji. Wewe umetumia mashine mbili tofauti, mahali pawili. Isitoshe, mwili wenyewe hautoi namba ileile kila asubuhi. Malaria, kukosa usingizi, au vidonge vya prednisolone ulivyopewa kwa ajili ya mzio vinatosha kuipandisha.

Sasa tazama biashara hii inavyokwenda. Anayeuziwa unga ni yule aliyekutwa juu kidogo siku moja. Wengi wa watu hao wakirudia kupima watakuta imeshuka kidogo, hata kama katikati walikunywa maji ya kisima tu. Muuzaji anavuna ushuhuda bila kumtibu mtu. Namba ikishuka, unga umefanya kazi, ikipanda, "sumu inatoka, ongeza dozi." Hakuna matokeo yanayoweza kumuumbua, na ndiyo maana simwamini. Kongosho halisafishwi. Halina uchafu wa kusafishwa.

Unachotakiwa kufanya ni hiki. Nenda hospitali yenye maabara, ya wilaya au ya rufaa pale mjini, upime damu ya mshipa. Kula kama kawaida siku tatu kabla. Wapo wanaojinyima ugali wiki nzima ili "wafaulu" kipimo, halafu wanajidanganya wenyewe. Usiku wa mwisho maliza kula saa tatu, asubuhi saa moja uwe umefika, katikati ni maji matupu. Chai ya rangi bila sukari nayo acha, ya maziwa ndiyo kabisa. Usikubali damu ichukuliwe kijijini kwenye chupa ya kawaida kisha ipande bodaboda mpaka mjini: seli za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Sukari ya 7.1 ikikaa hivyo saa tatu inasomeka karibu na 6, na mgonjwa anarudi nyumbani akishangilia. Chupa yenye kifuniko cha kijivu, yenye floraidi, hupunguza hasara hiyo.

Ukiwa hujala, 7.0 au zaidi ni kiwango cha kisukari, lakini kwa mtu asiye na dalili lazima kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kumpa jina la ugonjwa. WHO huanza kuita mpakani kwenye 6.1 hadi 6.9, Wamarekani huanzia 5.6, ndiyo maana wahudumu wawili wanaweza kukupa majibu mawili kwa namba moja. Namba zetu hapa ni za kizio cha mmol/L. Ukiona 118 kwenye mashine usizimie, hiyo imewekwa kwenye kizio kingine, mg/dL. Gawanya kwa 18.

Kwa kuwa mama alikuwa nacho, omba pia kipimo cha kunywa glukosi: gramu 75 ndani ya maji, unakaa bila kula wala kuzungukazunguka, damu inachukuliwa tena baada ya saa mbili. Chini ya 7.8 ni sawa, 7.8 hadi 11.0 ni mpakani, 11.1 na kuendelea ni kisukari. HbA1c, ile inayoitwa sukari ya miezi mitatu, ni nzuri na haihitaji kufunga (asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari), ila mwambie daktari kama una selimundu, upungufu wa damu, au umeongezewa damu karibuni, maana hapo inapotosha.

Ukithibitika uko mpakani, dawa yenye ushahidi inajulikana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002 ulilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki; waliofuata hivyo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, asilimia 31. Kwako ni kilo sita hivi. Metformin aiandike daktari, usijichukulie dukani. Na usihamie kwenye asali ya Manyoni ukidhani si sukari, wala kujaza sahani ugali wa uwele kwa sababu si sembe. Bonge ni lilelile. Lipunguze, mlenda na maharage viongezeke.

Sasa ule unga. Baadhi ya dawa za "asili" za sukari zimewahi kukutwa na glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, iliyosagwa ndani yake. Hizo hushusha sukari kweli, na ndizo za hatari zaidi: mzee mwenye figo dhaifu anakunywa kijiko jioni, hali chakula cha kutosha, usiku anatoka jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, asubuhi hazinduki. Wengine huacha insulini kwa sababu ya kopo. Mtoto anayetegemea insulini akiachishwa, siku chache zinatosha kumuua.

Ukimkuta mtu aliyekunywa unga anatoka jasho na kutetemeka kama yule mzee, na bado anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, kisha hospitali. Aliyezimia usimtie kitu mdomoni. Kopo au kifuko cha dawa nendeni nacho na msione aibu kukitoa, kwa sababu glibenklamidi inaweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baada ya dripu, na daktari asiyejua ilikuwemo atamruhusu arudi nyumbani mapema.