Usiinue huo waya kwa mwanzi

Mleta uzi, weka chini huo mwanzi kwanza. Umeuliza chaji ni nini, kwa nini kitana huvuta vipande vya karatasi, na vihami, yaani vitu visivyopitisha umeme, ni vipi, halafu mwishoni unachomekea kwamba mvua ikikatika utapanda kuinua waya wa umeme uliolalia bati la duka hapo Kirumba, Mwanza, eti daftari linasema mti ni kihami. Jasho limenitoka.

Mti mkavu, sawa. Elektroni zake zimeshikwa na atomi, hazizururi kama kwenye shaba au alumini. Ukilowa, habari nyingine. Maji ya ziwani, ya bombani, hata ya mvua iliyoosha vumbi la bati, yana chumvi zilizoyeyuka, yaani ayoni, chembe zenye chaji, na hizo zinatembea. Maji matupu ya maabara ndiyo hupitisha kidogo mno, na hayo huna.

Mimi nilidanganywa na fundi mmoja wa mtaani, testa mfukoni, maneno kama mhubiri. "Mti haupitishi, bosi, sukuma tu." Yeye yuko chini kivulini na viatu vya raba. Mimi juu ya ngazi ya chuma, pekupeku, na fito iliyolala nje na mvua. Volti 230 hazikuniuliza nilipata daraja gani kwenye fizikia. Mikono ikakaza, nikashuka bila ngazi hadi kwenye meza ya mama muuza sato. Mtulinga ukavunjika, na sato nikalipa mimi. Fundi akasema "ulishika vibaya". Nilishika vibaya! Hadi leo akiniona anavuka barabara.

Vile vikata umeme vya usalama vya majumbani hukata mkondo ukivuja miliampea (elfu moja za ampea, kipimo cha mkondo) 30 tu, maana zaidi ya hapo moyo uko hatarini. Balbu ya wati 60 inakula kama miliampea 260. Piga hesabu mwenyewe moyo wako uko wapi hapo.

Kabla hujauliza kitu ni cha mti au plastiki, uliza: kimelowa? Kamba ya nyavu iliyotoka ziwani, plastiki yenye matope, raba iliyojaa maji, futa zote kwenye orodha yako. Waya waachie TANESCO, shirika la umeme, wakate kule kwenye nguzo.

Kitana nacho kinapora elektroni za nywele, kikabaki na chaji, na chaji hiyo ndiyo inayovuta karatasi. Jaribu kiangazi, Julai hivi. Masika hii unyevu unaiba chaji kabla karatasi haijasogea. Mengine waulize walimu humu.