Kukimbia Njombe wakati wa kipupwe: baridi, manyunyu na giza

Mkuu, umeuliza kwa nini kila Juni unaacha kukimbia na Septemba unaanza upya, ukasema umekosa hamu. Hamu saa 11 alfajiri, Njombe, mwezi wa saba, hakuna mtu aliye nayo. Kinachokushinda ni zile dakika 10 kati ya blanketi na geti, kwa hiyo shughulika na hizo.

Anza na saa. Julai jua huku linachomoza karibu saa 1 asubuhi, Desemba ni kama saa 12 na robo. Ratiba ileile ya Desemba inakutupa gizani. Ukiweza, hamia jioni saa 11, maana linazama kama saa 12 na nusu. Usipoweza, panga nguo zote usiku kwa mpangilio wa kuvaa, soksi juu kabisa, kisha pasha mwili ndani kwa dakika 5: squat (kuchuchumaa na kuinuka) 20, kuruka papo hapo, kuzungusha mabega. Ukitoka ukiwa umeshapata joto, ukungu hauumi sana.

Nguo ndiyo inayowaangusha wengi. Sweta la pamba au fulana nzito hunywa manyunyu na jasho, na nguo iliyolowa hukunyang'anya joto haraka. Vaa jezi ya poliesta inayobana mwili, juu yake koti jepesi la kuzuia upepo (mitumbani yapo mengi), kofia na glavu. Getini unatakiwa uhisi baridi kidogo. Ukihisi joto pale, umevaa kupita kiasi, na baada ya kilomita 2 utakuwa umelowa jasho.

Njia iwe mzunguko mfupi wa kilomita 1 hivi karibu na nyumbani. Najua wengine watasema inachosha, lakini hatari ya baridi ni pale unapoishiwa nguvu mbali, ukaanza kutembea huku umelowa. Jiwekee sharti la dakika 10. Zikiisha, ruksa kurudi. Mara nyingi hutarudi. Udongo mwekundu ukilowa achana nao, unateleza kama sabuni. Tumia lami, upande wa kulia ili magari yaje yakikutazama, na vaa reflekta kama za bodaboda. Kwenye ukungu tochi ya kichwani hurudisha mwanga machoni. Ifunge kiunoni utaona barabara vizuri zaidi.

Halafu viatu. Kiatu kibichi asubuhi ya pili ni sababu tosha ya kurudi kitandani. Toa soli ya ndani, legeza kamba, jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja au mbili, kisha acha penye hewa. Usiweke kando ya jiko: gundi inaachia na soli inabanduka. Pea mbili za kupokezana, hata za mtumba, zinasaidia kuliko pea moja ya bei mbaya.

Siku ya mvua ya radi usitoke. Fanya ndani dakika 20 za kamba, squat na pushapu, ila jiko la mkaa litoe nje hata kama chumba ni baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na ukihema kwa nguvu unaivuta zaidi. Mwenye pumu afunike mdomo na pua kwa skafu, na inhela iwe mfukoni. Mafua ya puani tu, punguza mwendo. Homa au kikohozi cha kifuani, lala.