Re: Kengele na sanamu za Notre-Dame ni za kale, au ni mpya baada ya moto?

Mkuu, moto wa Aprili 2019 katika kanisa kuu la Notre-Dame, Paris, haukuziangamiza kengele. Uliteketeza paa na mnara mwembamba wa katikati. Minara miwili ya mbele, zinakoning'inia kengele, ilinusurika. Ila ya kale kweli ni moja tu, Emmanuel, ya miaka ya 1680, tani 13 hivi. Nyingi za wenzake ziliyeyushwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Zile nane za mnara wa kaskazini ni za 2013.

Sanamu ndizo zenye kisa. Juu ya milango kuna wafalme 28 wa Yuda, wa kwenye Biblia. Mwaka 1793 wanamapinduzi wakadhani ni wafalme wa Ufaransa, wakawakata vichwa! Mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakichimba kwenye jengo la benki hapohapo Paris wakakuta vichwa 21 vimefukiwa. Viko makumbusho ya Cluny, na mimi ningeanzia huko kabla ya kanisani, maana wafalme unaowaona ukutani leo ni wa karne ya 19. Hata yale madude ya mawe yenye pembe huko juu ya kanisa, yanayopigwa picha sana, aliyabuni Viollet-le-Duc, msanifu aliyelikarabati kanisa, karne hiyohiyo.