Maswali ya Gereji: Cheche Hupotea, Kabureta Husingiziwa

Barua za safari hii zinatoka kwa wenye magari ya michezo ya miaka ya 1960 hadi 1980, na karibu zote zina kasoro moja: vipuri vimenunuliwa kabla ya kipimo chochote. Injini ya petroli inadai mambo machache tu, yaani hewa na petroli kwa kiasi chake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Kwenye magari haya cheche ndiyo hupotea kwanza, lakini mkono wa mwenye gari hukimbilia kabureta. Nawaomba tuanze kwa kupima.

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina MGB ya 1972. Ikiwa baridi inawaka vizuri, lakini nikiendesha dakika 20 au 30 inakata ghafla kama mtu amezima swichi. Nikiiacha nusu saa inawaka tena kama kawaida. Nimeshabadilisha pampu ya petroli, na kabureta zote mbili zimesafishwa.

Nzuri, ndugu yangu. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe uliposema "kama mtu amezima swichi". Petroli ikikatika injini haifi hivyo. Hupungua nguvu, husita, hukohoa, hujaribu kurudi, ndipo ikazima, kwa sababu bakuli la kabureta bado lina akiba kidogo. Umeme ukikatika hauagi.

Likizima tena, usikanyage klachi mara moja. Tazama geji ya RPM (inayoonyesha mzunguko wa injini) wakati gari bado linaizungusha injini kwa gia. Mshale ukianguka sifuri papo hapo ilhali injini inazunguka, umeme wa upande mdogo (wa volti za betri) wa koili, kifaa kinachokuza umeme uwe wa cheche, umekatika: swichi, waya, koili yenyewe au pointi, yaani swichi ndogo ya ndani ya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo, upande huo ni mzima, na utafute kwenye petroli au kwenye umeme mkubwa unaokwenda kwenye plagi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote.

Kisha egesha mahali salama upime hapohapo, kabla injini haijapoa. Ikishapoa, ushahidi umeondoka, na utarudi nyumbani kubahatisha. Weka ndani ya gari plagi moja nzima na taa ya kupimia. Chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba, ilaze plagi hiyo iguse chuma cha injini vizuri, mbali na kabureta, na mwenzako apige stata. Cheche nene ya buluu inayolia ina maana umeme upo. Cheche ya njano iliyo nyembamba, au giza, ina maana umempata mwizi upande wa umeme.

Hapo hamia kwenye koili. Upande unaopokea umeme kutoka kwenye swichi, taa lazima iwake. Upande unaokwenda kwenye distributa, taa inapaswa kuwaka na kuzima stata inapozungusha. Ikibaki inawaka muda wote, pointi hazifungi, ni chafu, au waya umekatika ndani ya distributa. Ikibaki imezima muda wote, ama koili imekatika ndani, ama pointi hazifunguki, ama kuna waya au kondensa inayopeleka umeme ardhini.

Kwa dalili zako nashuku vitu vitatu. Cha kwanza ni kondensa, kile kifaa kidogo kinachokinga pointi zisiungue. Inaweza kuwa nzima ikiwa baridi na kufa ikipata joto, na mpya ya dukani si lazima iwe nzima. Ukiwa na ya zamani iliyofanya kazi miaka mingi, usiitupe. Cha pili ni koili. Ipime ukinzani wake swichi ikiwa imezimwa: gari lako, kama mfumo wake ni wa asili, linataka koili ya omu 3 hivi upande mdogo. Kuna koili zinazofanana nayo kwa sura zenye omu 1.5, ambazo zimetengenezwa kwa magari yenye rezista ya kupunguza umeme. Ukifunga hiyo bila rezista, kwa volti 12 mkondo unapanda kutoka ampea 4 hadi 8, na koili inachemka. Magari mengi yamepewa koili hiyo na watu wenye nia njema kabisa. Cha tatu ni kawaya kembamba kanakounganisha pointi ndani ya distributa. Kila bamba linapozunguka kuwahisha cheche, kawaya hako hukunjwa, na baada ya miaka hukatika ndani ya ganda lake huku kwa nje kakionekana kazima. Kavute taratibu, kakirefuka kama mpira, kameisha.

Ukikuta cheche ni nzuri, ndipo urudi kwenye petroli. Pampu ya petroli ya SU, kampuni iliyotengeneza pia kabureta zako, inaongea: ukifungua swichi inagonga mara kadhaa, bakuli zikijaa inanyamaza. Ikigonga bila kukoma, inavuta hewa au haipati petroli. Ikinyamaza huku bakuli ni tupu, angalia umeme wake. Fungua pia mfuniko wa tangi. Ukisikia likivuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba, na hakuna pampu mpya itakayoshinda hilo.

Swali: Datsun 240Z yangu inawaka nikiwa nimeshikilia ufunguo kwenye stata. Nikiuachia tu, inazima. Betri ni mpya.

Kati ya barua zote, hii ndiyo rahisi kuliko zote. Wakati wa kupiga stata betri inalemewa na volti zinashuka, kwa hiyo waliounda gari waliipa koili njia ya mkato ipokee umeme wote wa betri. Ukiuachia ufunguo, umeme unarudi kwenye njia ya kawaida, inayopitia rezista. Gari lako linawaka kwa njia ya mkato na kuzima kwa njia ya kawaida, basi njia ya kawaida imekatika.

Pima rezista kwa mita, ikiwa imechomolewa. Unatarajia kati ya omu 1 na 2. Mita isiposoma kitu, imekatika. Ikiwa nzima, fuata waya. Kwenye 240Z umeme wa koili unapitia hadi nyuma ya geji ya RPM, na kiungo kilicholegea huko kinatosha kuzima injini. Kama kuna aliyefungua dashibodi karibuni, anzia hapo. Swichi ya ufunguo nayo huchakaa na kupoteza mguso pale inaporudi kutoka kwenye stata.

Usiunganishe waya wa kuruka rezista ukaendelea kuendesha hivyo. Utafika nyumbani, lakini kwa muda mrefu pointi zitaungua na koili itapata joto kupita kiasi.

Swali: Nina Triumph Spitfire yenye kabureta mbili za SU. Nikikanyaga mafuta ghafla inasita, inapiga chafya kupitia kabureta, kisha inaondoka. Mafundi watatu wamezichezea kabureta na kila mmoja ameziacha tofauti. Mimi ni dada ninayejifunza mwenyewe, nisaidie nianze wapi.

Dada, anza kwa kuziacha kabureta. Kabureta hurekebishwa mwisho, baada ya kila kitu kingine kuthibitishwa, kwa sababu kasoro ya cheche inaweza kuiga kasoro ya petroli kiasi cha kumdanganya hata fundi mzoefu.

Utaratibu wangu ni huu. Nafasi za valvu kwanza. Kisha plagi, halafu nafasi ya pointi, ambayo kwa distributa nyingi za Uingereza za wakati huo ni karibu milimita 0.38. Kisha taimingi, yaani wakati wa cheche. Usibadilishe mpangilio wa hayo mawili ya mwisho: kisigino cha pointi kikilika, nafasi inapungua na cheche inachelewa, kwa hiyo ukiweka taimingi kabla ya pointi utairudia kazi yote.

Baada ya hapo kagua kifaa cha vakyumu kilicho ubavuni mwa distributa, kama chako kipo. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, uvute hewa kwa mdomo huku umefungua kifuniko cha distributa. Bamba la pointi linapaswa kusogea, na ukiziba mpira kwa ulimi libaki limeshikilia. Hewa ikipita bila kizuizi, ngozi ya ndani imechanika. Hapo injini inanyonya hewa ya ziada na cheche haiwahishwi, hasara mbili kwa kipuri kimoja.

Kisha fungua kofia nyeusi juu ya kila kabureta uangalie oili. Hiyo oili ndiyo inayoizuia pistoni ya kabureta isiruke haraka unapokanyaga, ili mchanganyiko uwe mzito kwa muda mfupi. Ikikauka, gari linasita vilevile ulivyoeleza. Nimeona watu wakibadilisha sindano na jeti wakati kilichokosekana ni oili.

Hewa inayovuja itafute kwa chupa ya kunyunyizia maji ya kawaida kwenye maungio ya manifoldi na kwenye ekseli za kabureta, injini ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Mlio ukibadilika, umelipata tundu. Wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Kwenye Spitfire bomba la moshi liko upande uleule, chini ya kabureta, kwa hiyo usithubutu.

Yote yakiwa sawa, linganisha uvutaji wa kabureta mbili, kisha pima mchanganyiko wa kila moja: inua pistoni yake kwa milimita moja hivi. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni chache. Ikipanda kidogo tu na kurudi, acha hapo, na usimruhusu fundi wa nne aguse.

Swali: Porsche 944 ya 1986. Ilizima barabarani, sasa stata inazunguka lakini haiwaki. Pampu ya petroli siisikii.

Kabla ya kupiga stata tena, jibu hili: je, stata inazunguka kwa mlio wa kawaida, au injini imekuwa nyepesi kuliko ulivyozoea? Ikiwa nyepesi, acha mara moja ukague mkanda wa taimingi. Kwenye injini hii, mkanda ukikatika valvu hukutana na pistoni.

Mlio ukiwa wa kawaida, tazama mshale wa RPM wakati wa kupiga stata. Ukitikisika, kompyuta inapata ishara kutoka kwenye sensa za flaiwili. Hapo mshukiwa mkuu ni rilei (swichi ya umeme) ya DME, yaani kompyuta ya injini, inayolisha kompyuta na pampu kwa pamoja. Lehemu za ndani yake hupasuka kwa umri na joto, na mwenye 944 anayesafiri bila rilei ya akiba anajitafutia kulala njiani. Mshale usipotikisika kabisa, huenda kompyuta haina umeme au haipati ishara: jaribu rilei hiyo kwanza, kisha elekea kwenye sensa hizo mbili na viungio vya nyaya zake, ambavyo huwa vigumu na kuvunjika ukivishika.

Swali: Je, nikiondoa pointi nikafunga kitengo cha kielektroniki, injini itaacha kumisi, yaani kuruka mwako?

Itaacha tu kama ugonjwa ulikuwa kwenye pointi au kondensa. Kifuniko cha distributa chenye ufa, rota inayovujisha umeme kupitia ribiti yake, waya wa plagi uliokufa, vyote vitabaki na kumisi kutabaki. Vitazame usiku au gerejini gizani injini ikiwaka. Umeme unaotoroka unaonekana kwa macho.

Vitengo hivyo navikubali, na kwa gari la kila siku ningekifunga. Ila hakikisha omu za koili zinalingana na maelekezo yake, na usiache swichi wazi injini ikiwa imezima, kwani baadhi huungua hivyo. Hifadhi bamba la zamani na pointi zake ndani ya buti. Pointi hufa polepole na zinaweza kusuguliwa njiani. Kitengo kikifa, kimekufa.

Swali: Mzee mmoja huwa anashika waya wa plagi kwa mkono kupima kama una umeme. Ni salama?

Hapana. Kwenye Porsche 911 zenye boksi la CDI (mfumo wa cheche wa kielektroniki), lile linalolia kwa sauti nyembamba ukifungua swichi, hata upande mdogo wa koili unapokea volti mia kadhaa. Mheshimu mzee, lakini usimwige.

Swali: Gari langu la 1967 linamisi likiwa sailensi, silinda moja, ileile. Nikiongeza mwendo linatulia. Plagi, waya, kifuniko, koili, vyote vipya. Cheche ni nzuri kwenye silinda hiyo.

Basi hesabu cheche kuwa imetolewa hatiani, upime mgandamizo. Injini ipate moto, toa plagi zote, katiza umeme wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho, funga geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi, zungusha stata mpaka geji iache kupanda. Usihangaike sana na tarakimu ya kitabu. Angalia tofauti kati ya silinda. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mimina kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi upime tena. Ukipanda, ringi zimechoka. Usipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi.

Kwa gari la 1967 nashuku valvu ya kutolea moshi. Risasi iliyokuwa ndani ya petroli ilikuwa pia inakinga viti vya valvu. Imeondolewa duniani kote, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari mwaka 2021, na kwenye hedi za chuma laini ambazo hazikuwekewa viti vigumu, valvu huzama kidogokidogo. Nafasi yake inapungua mpaka inakwisha, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo unavuja. Kwa mwendo mkubwa muda wa kuvuja ni mfupi, ndiyo maana linatulia.

Pima nafasi ya valvu za silinda hiyo. Ukikuta imebana, irekebishe kwa kipimo cha kitabu, kisha uipime tena baada ya kilomita elfu moja. Ikiwa imebana tena, hedi ishuke ikafungwe viti vigumu. Usiendelee kuendesha ukingoja, maana valvu isiyofunga haipoi, na ikishaungua ukingo hakuna marekebisho yatakayoirudisha.