Jibu: Ganeti nyekundu za kijito Ruangwa, je, ni dalili ya almasi?
Salaam mkuu. Umeuliza kama ganeti (vito vyekundu) ulizochekecha kwenye mchanga wa kijito huko Ruangwa zimetoka kwenye mantili, yaani tabaka lililo chini ya gamba la dunia, na kama zinaashiria almasi.

Anza na mwamba, siyo punje. Fuata kijito kwenda juu. Ukikuta naisi au shisti (miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo) yenye kinywe, yaani grafiti, basi ganeti zako zimekulia ndani ya gamba la dunia, siyo kwenye mantili, na mkoani Lindi, iliko Ruangwa, hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Kisha pima uzito linganifu, yaani punje ni nzito mara ngapi kuliko maji ya ujazo uleule. Punje safi ya 4 au zaidi ni almandini, ganeti ya kwenye gamba. Ina chuma nyingi, sumaku kali huivuta. Ganeti ya mantili ni pairopi, karibu 3.7, mara nyingi ya zambarau kwa sababu ya kromu. Lakini rangi inadanganya sana, tafadhali usinunue eneo kwa rangi! Kromu nyingi na kalisi kidogo ndiyo alama ya kina cha almasi, kilomita 150 hivi kwenda chini, na hilo hupimwa maabara tu. GST (taasisi ya serikali ya jiolojia) Dodoma wana maabara.

Usizisugue kabla ya kupeleka. Ukoko wa kijivu ukiwa bado umeganda kwenye pairopi, chimbuko lake haliko mbali.