Jicho hutupwa, halitetemeki

Msomaji wa Tanga, mwanafunzi wa uuguzi, anaandaa kipeperushi cha wagonjwa wa Parkinson na jamaa zao. Anauliza: "Shikamoo mzee. Niandike mawimbi ya ubongo au midundo ya ubongo? Na kichwa changu, 'Mtetemeko wa macho katika ugonjwa wa kutetemeka', kimekaa sawa?"

Marahaba, mwanangu. La kwanza halina ugomvi. Maneno yote mawili yanafaa, ila kila moja lina kazi yake. Wimbi ni umbo, ule mstari unaopanda na kushuka kwenye karatasi ya mashine, kama ule wa Hans Berger wa Ujerumani alipopima umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924. Mdundo umetokana na kudunda: ni pigo linalojirudia, kama la ngoma au la moyo. Ukihesabu mapigo kwa sekunde, sema mdundo.

Kichwa chako kifute. Hili jina la "ugonjwa wa kutetemeka" nimelipigia kelele miaka mingi na sinyamazi leo. James Parkinson, tabibu wa London, ndiye aliyeuita kupooza kwa kutetemeka mwaka 1817. Baadaye Jean-Martin Charcot wa Paris akalikataa jina hilo, kwa kuwa wapo wagonjwa wasiotetemeka, akataka uitwe kwa jina la Parkinson. Hayo ni ya karne ya 19, na sisi bado tumeling'ang'ania.

Nina jirani, karani mstaafu. Mkono wake ukitulia mezani ulikuwa tuli kama jiwe. Lakini ule mwandiko wake wa daftari la hesabu ukaanza kusinyaa: mstari unaanza na herufi nzima, unaishia na herufi kama sisimizi. Uso ukakauka, watu wakasema amenuna. Kufunga vifungo vya shati ikawa shughuli ya robo saa. Nilipowaambia jamaa zake wampeleke hospitali, wakanijibu, "Mbona hatetemeki?" Mwaka mzima ukapotea kwa sababu ya jina bovu.

Tena hiyo midundo unayoiulizia ndiyo inayoliumbua jina lenyewe. Mkono wa mgonjwa anayetetemeka hutikisika mara 4 hadi 6 kwa sekunde. Mdundo uitwao beta, unaopimwa kwenye viini, yaani vikundi vya seli vilivyo ndani kabisa ya ubongo, hupiga mara 13 hadi 30. Beta ikizidi nguvu, kinachoandamana nayo ni uzito wa mwendo na kukakamaa kwa viungo, kuliko mtetemo. Mgonjwa akimeza levodopa, dawa ya ugonjwa huu, beta hupungua na mwili hulegea.

Na macho je? Kiswahili kimeshakupa neno: kutupa jicho. Ndivyo tunavyotazama hasa. Jicho halitelezi juu ya ukurasa, hutupwa kutoka neno hadi neno, likatua, likatupwa tena. Viini vile vya ndani huliwekea breki eneo la ubongo wa kati linaloamrisha mtupo huo, na breki isipoachia, jicho haliendi. Kwa mgonjwa wa Parkinson breki huachia kwa shida, hasa anapotupa jicho kwa kukusudia. Jicho huangukia njiani, likatupwa mara ya pili, pengine ya tatu, ndipo lifike. Taa ikiwaka ghafla pembeni, hapo huwahi vizuri zaidi. Jirani yangu akisoma gazeti, akifika mwisho wa mstari, hulitupa jicho lirudi mwanzo wa mstari wa pili, nalo linaishia katikati. Siku hizi anaweka kidole pale pa kuanzia. Hapo ni wapi palipotetemeka?

Basi andika: "Midundo ya ubongo na kutupa jicho kwa mgonjwa wa Parkinson." Mkuu wako akishikilia kwamba kutetemeka lazima kuwemo, usigombane naye. Kuweke kwenye orodha ya dalili, kisha uongeze kwa herufi nzito: si wote.